Majina ya Wazee Wetu: Wafanyakazi wa Jinja na Mbale Wajifunza Maktabani



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuwaletea habari za mishahara, ovataimu, na wenzetu wanaokatwa vidole na mashine. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtasema si la chama, yaani namna ya kutafuta habari za wazee wa ukoo. Sisi wenyewe tulisema hivyo hivyo mwanzoni. Aliyetubadilisha mawazo ni mwenzetu mmoja wa Jinja, na hatuwezi kueleza tulivyoingia maktabani bila kueleza kwanza shida yake.

Mwenzetu huyo ni fundi wa mashine za kufuma nguo. Ameomba tusimtaje jina, nasi tumemheshimu. Alizaliwa mwaka 1964 katika mtaa wa Walukuba, zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na serikali ya kikoloni wakati Jinja ilipokuwa ikipanuka kwa haraka, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikafuata umeme. Mama yake alikuwa Msoga. Baba yake alikuwa Mluo kutoka Kenya, aliyekuja kutafuta kazi kama walivyokuja maelfu. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wasio raia waondolewe kazini, na wengi wao walikuwa Wakenya. Baba yake aliondoka mwezi wa Oktoba na sanduku moja la bati. Alimwambia mtoto kwamba atarudi Krismasi. Mtoto alikuwa na miaka sita.

"Krismasi hiyo sasa imepita miaka hamsini," fundi wetu husema, kisha hucheka peke yake.

Mwaka 2014 nchi nzima ilipoitwa kuandikishwa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, yeye hakwenda. Sababu yake ilikuwa moja tu: fomu inauliza kabila, ukoo, na kijiji cha asili, naye hakujua ajibu nini. Aliona afadhali akae kimya. Lakini kila mtu anajua mambo yalivyokuwa baadaye. Bila ndaga muntu huandikishiwi laini ya simu, hufungui akaunti benki, na ukifika wakati wa kuchukua akiba yako ya uzeeni unaambiwa uende ukalete kitambulisho kwanza. Fundi alikuwa amekatwa akiba hiyo katika mshahara wake kwa miaka zaidi ya thelathini. Akaja ofisini kwetu na fomu imekunjwa mara nne mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo. Akatuuliza: "Ndugu zangu, mimi ni mtu wa wapi?"

Sisi viongozi wa tawi tunajua kudai nyongeza ya mshahara. Swali hilo hatukulijua. Tuliandika barua mbili tatu huku na huku, zikapotea zinakopotea barua.

Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, ambaye mwanawe ni mwanachama wetu, akatuambia kwamba katika maktaba ya umma ya hapo mjini kuna mafunzo Jumamosi mchana kwa watu wanaotaka kuandika habari za ukoo wao, na kwamba hayalipiwi. Kusema kweli wengi wetu tulikuwa hatujaingia maktaba tangu tulipoacha shule, na tuliacha mapema. Tulidhani ni mahali pa wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani. Tulipofika tulisimama mlangoni na viatu vya kazi, hatujui kama vinavuliwa.

Maktaba hizi, ndugu zetu, ni zenu. Tangu mwaka 1948 Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki lilikuwa likipeleka vitabu huku na huko katika masanduku na hata kwa posta. Mwaka 1964 Uganda ikaunda Bodi ya Maktaba za Umma. Baada ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 maktaba zikawekwa mikononi mwa wilaya na miji, na Maktaba ya Taifa ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa hiyo kodi inayotozwa sokoni ndiyo pia inayonunua taa ya maktaba. Vitabu vingi ni vikuukuu, na mvua ikinyesha hulazimika kusogeza meza. Lakini kuna meza.

Mama mkutubi alitupokea vizuri. Hakutupa kitabu. Alimpa kila mtu karatasi na penseli, akatuambia tuandike jina letu chini kabisa, juu yake baba na mama, juu yao babu wawili na bibi wawili, na juu yao tena wazee wanane. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Hapana hata mmoja aliyejaza safu ya wanane. Watu wazima, wazee wa kamati, tumekaa kama watoto wa darasa la kwanza tunatafuna penseli. Wengi tulikuwa na majina ya upande wa baba hadi mlango wa tatu au wa nne, na upande wa mama tukakwama mara moja.

Mkutubi akasema kitu ambacho tunakileta hapa kwa sababu ndicho msingi wa kazi yote. Alisema: "Anza na aliye hai, kabla hajazikwa. Karatasi itakungojea, jaja hatakungojea." Kisha akatufundisha kwamba kila jambo likiandikwa, pembeni iandikwe ni nani aliyelisema, na alilisikia wapi. Maana shangazi yako anaweza kusema babu alikufa vitani, na mjomba aseme alikufa kwa pombe, na wote wawili wanasema kwa uhakika. Usichague unayoipenda. Ziandike zote mbili, uendelee kutafuta.

Tatizo la pili ni miaka. Wazee wetu hawakuzaliwa na tarehe. Tulijifunza kuuliza hivi: wakati jambo fulani linatokea, wewe ulikuwa na umri gani, ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa umeoa? Katika Busoga tunazo alama nyingi. Ugonjwa wa malale ulioanza mwaka 1900 na kuendelea uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa, na kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe pwani. Reli ya kutoka Jinja hadi Namasagali ilikwisha mwaka 1912. Kulikuwa na njaa kubwa ya mwaka 1918 na 1919. Daraja la reli la Jinja likapitisha gari la moshi mwaka 1931. Ziwa likafurika mwaka 1961 na miaka iliyofuata, na gati la Namasagali likaharibika. Mtu akisema, "Nilibebwa mgongoni wakati maji yalipopanda," umepata mwaka wake wa kuzaliwa kwa tofauti ya miaka miwili mitatu. Hiyo inatosha kuanzia.

Na majina yenyewe husema. Kwa Wasoga majina mengi ni mali ya ukoo, hata mtu mzima akilisikia jina la mgeni huweza kumwuliza, "Wewe si wa ukoo wa fulani?" Wenzetu wa Mbale na Busia wakimwita mtoto Wanjala au Nanjala, alizaliwa wakati wa njaa, Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Kwa Waluo, Otieno ni wa usiku na Okoth ni wa mvua. Lakini hapo pana mtego. Fundi wetu alikuwa na jina la baba yake, jina la namna hiyo, na jina moja la Kikristo. Ukivuka mpaka ukauliza jina hilo Nyanza ni sawasawa na kutafuta punje ya mtama katika ghala la mtama. Bila kijiji jina halikusaidii.

Tukawa tumekwama, na fundi akaanza kusema aache. Hapo ndipo mkutubi alipochukua Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kutoka kwenye rafu na kutusomea Ibara ya 10 polepole, mara mbili. Inasema kwamba ni raia kwa kuzaliwa mtu yeyote aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi wake, au mmoja wa babu na bibi zake, ni wa jamii mojawapo za wenyeji zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Majina ya jamii hizo yameorodheshwa nyuma, katika nyongeza ya tatu. Wasoga wamo, Wagisu wamo, Wanubi wamo, na Babukusu wamo pia.

Mmoja wa wazazi! Haikuandikwa baba. Sisi sote tulikuwa tumemtafutia mtu huyu baba yake tu, kwa sababu kwetu mtoto ni wa baba, na yeye mwenyewe hakuwahi kufikiri kwamba mama yake aliyemlea, aliyemlipia karo kwa kuuza ndizi, na kufariki mwaka 1991, ndiye aliyekuwa na jibu. Sheria ilikuwa na akili kuliko sisi. Wala sheria haiulizi kama bibi yako alikuwa hai mwaka 1926. Inauliza jamii yake ilikuwa wapi.

(Hapa mzee mmoja katika darasa alitukumbusha kwamba hata Kisumu yenyewe ilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka ulipohamishwa na Waingereza. Kwa hiyo babu wa fundi upande wa baba huenda alizaliwa Uganda bila kutoka nyumbani kwake. Tulicheka sana, lakini tarehe ya sheria ni 1926 na haisogei.)

Sasa kazi ilikuwa kuthibitisha mama. Alikuwa hana cheti cha kuzaliwa. Wangapi kati yetu mama zetu wanacho? Fundi alikumbuka kwamba watu wa mama yake walikuwa Luuka, na majirani huko waliwaita watu wa ziwani. Luuka haina ziwa. Mkutubi akatufungulia historia ya Busoga iliyokusanywa na Y. K. Lubogo kati ya miaka ya 1921 na 1938. Mzee Lubogo alikuwa mtu wa kazi hasa: alikwenda kwa wazee wenyewe, ukoo baada ya ukoo, akaandika. Baadaye, katika miaka ya 1960, msomi wa Kimarekani David William Cohen naye alizunguka Busoga akikusanya masimulizi kwa mamia. Vitabu hivyo huwezi kuviazima kwenda navyo nyumbani, lakini waweza kukaa navyo mchana kutwa. Tulipoona pale habari za watu waliotolewa pwani wakati wa malale, tukaelewa jina lile la watu wa ziwani. Familia ya mama ilikuwa imehamishwa kutoka pwani ya Bunya.

Tulifunga safari ya kwenda Luuka Jumapili, watu watatu, kwa pikipiki mbili. Wakati huo kulikuwa na kwabya lumbe ya mzee mmoja wa ukoo ule, na hilo si jambo la bahati tu. Mkutubi ndiye aliyetuambia tungojee siku ya lumbe, kwa sababu siku hiyo ukoo wote hukusanyika, mrithi hutajwa hadharani, na anayedanganya hukatizwa na wazee papo hapo. Bibi mmoja alimtazama fundi muda mrefu, akamwambia anatembea kama mama yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake zilikuwamo tikiti za musolo za babu, zaidi ya ishirini, zimefungwa kwa uzi. Kodi hiyo ilikomeshwa mwaka 2005 na watu wengi walichoma tikiti kwa furaha, nasi hatuwalaumu, maana watu walifungwa na kukimbizwa porini kwa ajili yake. Lakini kila tikiti ina jina la mtu, mwaka, na gombolola yake. Yule bibi hakuchoma. Alisema mumewe alimwusia kwamba siku moja mtu atakuja kuuliza kama alilipa.

Karatasi nyingine ilitoka kanisani. Katika misheni za Kikatoliki vitabu vya ubatizo vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Tulitafuta Yozefu asubuhi nzima, naye yumo kama Josephus. Na pembeni mwa jina la aliyebatizwa huandikwa baadaye kama ameoa kanisani, lini, na nani. Ndivyo tulivyompata babu, kisha mkewe, na katika kitabu kilichofuata, mtoto wao wa kike, ambaye ndiye mama wa fundi wetu, amebatizwa mwaka 1942, na kijiji kimetajwa. Mtunza kitabu alitaka barua ya utambulisho kwanza, tukampa ya chama, yenye mhuri. Nendeni na barua, ndugu zetu. Msiende mikono mitupu mkaanza kudai.

Juu ya maandishi tunawaonya kitu kimoja. Majina yalibadilika tahajia. Zamani Kyagwe iliandikwa Chagwe, Busoga iliandikwa Usoga, na Wagisu waliandikwa Bagishu. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia, na karani Mganda naye alivyosikia. Babu huyo mmoja alikuwa na tahajia tatu katika karatasi zake. Fundi ilimbidi aape mbele ya wakili kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja, na hiyo nayo ina gharama yake. Chama kilichanga nusu.

Habari zilipofika Mbale, akina mama wa tawi la huko, wanaochambua kahawa, walitualika tuwaeleze. Tulikwenda kufundisha, nasi tukafundishwa. Kule mlimani wana kalenda ambayo sisi wa Jinja hatuna. Imbalu hufanywa kila baada ya miaka miwili, katika mwaka wa namba shufwa, na hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Kila mwaka wa tohara hupewa jina la jambo kubwa lililotokea, na wanaume waliotahiriwa mwaka huo hubaki rika moja hadi kufa. Kwa hiyo mzee wa Kigisu asiyejua alizaliwa lini anajua vizuri sana alisimama mbele ya kisu na rika gani. Mzee mmoja alituhesabia marika kurudi nyuma, bila karatasi, akigusa vidole, hadi akafika lile la baba yake. Mkutubi wa Mbale aliyekuwa amekaa nasi alikuwa akiandika namba pembeni, na kila mara mzee alikuwa sawa. Ila mjue kwamba vijana hawatahiriwi wote kwa umri mmoja, wengine huingia na miaka kumi na minane, wengine wamevuka ishirini. Rika linakupa mwaka wa tohara kwa hakika. Mwaka wa kuzaliwa unaukisia.

Hapo mama mmoja akasimama akauliza: "Na sisi?" Swali lake lilikuwa la haki. Tikiti ya kodi ni ya mwanamume. Rika ni la mwanamume. Daftari la chama cha ushirika, tangu Bugisu Cooperative Union ilipoundwa mwaka 1954, limejaa majina ya wanaume, ingawa kila mtu Mbale anajua ni mikono ya nani iliyochuma kahawa hiyo. Katika barua za zamani mwanamke ni mke wa fulani, basi. Tulikaa juu ya swali hilo kuliko jambo lingine lolote siku ile. Akina mama wenyewe ndio waliotoa njia: muulize bibi aliolewa mwaka wa rika gani, mtoto wake wa kwanza alimfuata mtoto wa jirani yupi, ng'ombe wa mahari walitoka kwa nani na wakaenda kwa kaka yupi kuoa. Ng'ombe hao hukumbukwa vizazi vitatu, maana ugomvi juu yao haujaisha. Walikubaliana kwamba kila mmoja ataandika upande wa mama kwanza, na upande wa baba baadaye. Tuliporudi Jinja tulijaribu kupitisha kanuni hiyo hiyo na wanaume wakapiga kelele, lakini imepita.

Kuna mwenzetu mwingine ambaye babu wa baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, asirudi. Maktaba ina kompyuta yenye intaneti, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayo orodha ya majina ambayo mtu yeyote aweza kuitafuta bure. Katika makaburi ya vita ya hapa Jinja wamelala askari wa King's African Rifles, na majina yao yamo. Tulitafuta jina la mpagazi wetu siku mbili. Halimo. Baadaye tukasoma kwamba mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri katika taarifa yake kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vile, hasa wapagazi, hawakuandikwa majina popote, kwa kuwa wakubwa wa wakati ule waliona haina haja. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi hao, na watu hununua nyanya hapo kila siku. Mwenzetu alisema: "Basi babu yangu ana soko, hana jina." Ameliandika jina hilo kwa mkono wake kwenye karatasi yake, na pembeni akaandika nani alimwambia.

Wapo pia vijana wanaopenda kompyuta tu. FamilySearch, ya kanisa moja la Marekani, haina malipo, na wamekuwa wakikusanya masimulizi ya koo katika nchi mbalimbali za Afrika. Jaribuni. Kwa upande wetu tumepata zaidi katika mifuko ya nailoni.

Pia tunasema wazi kwamba wapo waliokuja darasani wakitaka kutengenezewa ukoo kwa ajili ya kesi ya shamba. Hao tuliwaomba waondoke.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Siku moja mkutubi wa Jinja alitugeukia sisi viongozi akauliza: "Na nyinyi chama, vitabu vyenu vya zamani viko wapi?" Tukatazamana. Ofisini kwetu kuna kabati la chuma ambalo mlango wake haujafunguka vizuri kwa miaka. Tuliuvunja. Mchwa walikuwa wamekula rafu ya chini yote, na tukaambiwa na mzee mmoja kwamba madaftari mengine yaliuzwa zamani kwa mwanamke wa karanga akafungia bidhaa. Majina ya watu waliogoma, waliofungwa, waliolipa shilingi zao kila mwezi, yamefungiwa karanga! Hapana wa kumlaumu ila sisi na waliotutangulia. Yaliyosalia ni madaftari saba ya ada.

Tuliyapeleka maktabani tukayafungua juu ya meza, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimeshikana. Katika daftari la nne, orodha ya idara ya kufuma, fundi wetu aliweka kidole juu ya mstari mmoja akanyamaza. Jina la baba yake, namba ya kazi, na katika safu ya mwisho kijiji chake na lokesheni yake huko Nyanza, kama walivyoandikiwa wanachama wote waliotoka mbali, ili chama kijue pa kupeleka habari mtu akifa. Ada imelipwa mwezi kwa mwezi. Alama ya mwisho ni Septemba 1970. Kuanzia hapo karani amepiga mstari mwekundu, na chini yake mistari mingine myekundu, majina kumi na tisa katika ukurasa mmoja.

Fundi alipata kitambulisho chake miezi kumi na moja baada ya safari ya Luuka, kwa karatasi za mama yake, barua ya wazee wa ukoo na ya mwenyekiti wa LC. Akiba yake imelipwa. Kijiji cha baba hakikuhitajika tena kwa ofisi yoyote. Hata hivyo aliomba nakala ya ukurasa ule, tukampigia, na mwezi wa Agosti alipanda basi la Kisumu akiwa nayo katika bahasha. Hajatueleza yote aliyoyakuta. Ametuambia tu kwamba kaburi liko, na kwamba ana ndugu wawili wa kike ambao walijua jina lake.

Madaftari saba sasa yamewekwa maktabani katika sanduku la bati, na ufunguo mmoja anao mweka hazina wetu. Anayetaka kutazama aje Jumamosi baada ya saa nane mchana na kadi yake ya uanachama, penseli na si kalamu ya wino, na mikono iliyonawa. Nyaraka za zamani za serikali ya wilaya ya Jinja nazo zimekwisha pangwa na watafiti na kuandikiwa orodha. Kwa hizo ombeni ruhusa ofisi ya wilaya kwanza, nasi tutawaandikia barua. Mbale wanakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na kama nyumbani kwako kuna tikiti ya musolo, kipande cha baba, kadi ya chama au hati ya malipo ya reli, hata kama imeliwa nusu na panya, usiitupe kabla hatujaiona.

Yule mama wa karanga tunamtafuta bado. Tumesikia kwamba binti yake anauza Amber Court.